Selvon, Sillitoe, Emecheta au Gurnah: Uingereza ya baada ya vita uisome kupitia nani?

Anayetaka kuielewa fasihi ya Uingereza ya leo huambiwa aanzie vita vilipokwisha, 1945, kisha hukabidhiwa orodha ndefu ya vitabu hadi anachoka kabla hajafungua hata kimoja. Hapa orodha tumeikata. Riwaya nne zimewekwa ubavu kwa ubavu: *The Lonely Londoners* ya Sam Selvon (1956), *Saturday Night and Sunday Morning* ya Alan Sillitoe (1958), *Second-Class Citizen* ya Buchi Emecheta (1974) na *By the Sea* ya Abdulrazak Gurnah (2001). Swali ni moja: ukiwa na nafasi ya kusoma kimoja mwezi huu, kiwe kipi?

Ushauri wa kwanza ni kutovilinganisha kwa maudhui. Maudhui ya vyote vinne yanaweza kuandikwa kwa maneno matatu yaleyale, yaani ubaguzi, umaskini na ugeni, na ukishayaandika hujasema kitu. Kinachovitenganisha ni karatasi. Katika kila kimoja kuna karatasi inayomshika mhusika shingoni: kadi ya kutafutia kazi, hesabu ya mshahara, fomu ya kliniki, pasipoti. Nyuma ya kila karatasi kuna sheria au mpango wa serikali wenye tarehe yake, na hapo ndipo mabadiliko ya jamii yanapoonekana yakiingia kitabuni kwa miguu yake.

Kadi ya Galahad, mashine ya Arthur

Selvon na Sillitoe ndio jozi bora ya kulinganisha, kwa kuwa vitabu vyao vimepishana miaka miwili tu na vinazungumzia nchi ileile, lakini ukivisoma mfululizo utadhani ni nchi mbili.

Tuanze na Selvon. Alizaliwa Trinidad 1923 na kufika London 1950. Miaka miwili kabla yake, Juni 1948, meli ya Empire Windrush ilikuwa imetia nanga bandari ya Tilbury ikiwa na mamia ya watu kutoka visiwa vya Karibi, na mwaka huohuo Bunge likapitisha Sheria ya Uraia iliyomfanya mtu wa koloni kuwa raia wa Uingereza na Makoloni yake. Sheria hiyo ilianza kutumika 1 Januari 1949. Kwa hiyo wahusika wa Selvon hawaingii kwa kujificha wala hawaombi hifadhi. Wana haki kamili ya kuwapo. Moses, mhusika mkuu aliyekwisha kuwa mwenyeji wa London, anapokwenda stesheni ya Waterloo jioni ya baridi kumpokea kijana mgeni anayeitwa Galahad, hakuna askari wa uhamiaji anayemsumbua mtu. Galahad anashuka hana hata begi, kavaa suti nyepesi ya nchi za joto, na anasema hasikii baridi.

Baridi anaisikia kwenye ofisi ya serikali ya kutafutia watu kazi. Hapo Moses anamfundisha jambo ambalo ndilo moyo wa kitabu. Kadi za wenzao, anasema, huandikwa juu "J-A, Col.", maana yake huyu katoka Jamaica na ni mweusi. Galahad ni wa Trinidad, lakini hilo halimshughulishi mtu, kwani kila mweusi huhesabiwa kuwa wa Jamaica. Kazi ikipatikana, ofisi huuliza kwanza kama kampuni inataka watu weusi, ndipo imtume mtu. Hakuna anayetukanwa wala mlango unaobamizwa. Ni herufi chache tu juu ya kadi, zinazookoa muda wa kila mtu. Uraia uko mfukoni na kadi iko kabatini, na kati ya hizo mbili riwaya nzima imejengwa.

Sasa msogeze Arthur Seaton, mhusika wa Sillitoe, kando ya Galahad. Yeye ni kijana wa miaka ishirini na kitu, mkereza chuma katika kiwanda cha baiskeli Nottingham. Sillitoe aliijua kazi hiyo, kwani alizaliwa Nottingham 1928, akaacha shule akiwa na miaka 14 na kufanya kazi katika kiwanda cha baiskeli cha Raleigh. Karatasi ya Arthur ni hesabu ya malipo. Hulipwa kwa kipande, shilingi 4 na peni 6 kwa kila vipande 100 (wakati huo peni 12 zilifanya shilingi, na shilingi 20 zilifanya pauni). Vipande 1,400 kwa siku vinampa shilingi 63, yaani pauni 3 na shilingi 3. Anaweza kufanya zaidi, na hafanyi. Mkaguzi wa malipo akigundua kwamba mtu anatoa kazi nyingi kwa wepesi, kiwango hushushwa, na kesho yake jasho lilelile linalipwa pungufu. Basi Arthur huchapa kazi asubuhi hadi vipande elfu moja vitimie, kisha mchana anajivuta huku akili iko kwa wake za watu.

Ukilinganisha hapa, usikimbilie kusema Arthur ananyonywa kama Galahad. Mshahara wake wa pauni 14 hivi kwa wiki ni mzuri kwa wakati huo, na hasira yake ni ya mtu aliyeshiba. Baba yake aliishi kwa posho ya wasio na kazi miaka ya 1930. Sasa nyumbani mna televisheni na kabati la Arthur limejaa suti. Mgao wa chakula ulifutwa Julai 1954, na kazi ziko tele hivi kwamba mtu akifukuzwa leo kesho anapata pengine. Riwaya za wafanyakazi za kabla ya vita zilikuwa na njaa ndani yake. Hii ina bia: inafunguka Arthur akiwa na painti kumi na moja na jini saba tumboni, anaporomoka ngazi za klabu. Mtaala wowote unaoiita riwaya ya umaskini haujaisoma vizuri.

Njaa iko kwa Selvon. Majira ya baridi Galahad anakosa kazi, anakwenda bustanini Kensington na kumkamata njiwa ili amle, na bibi mmoja mwenye mbwa anapiga kelele kwa kumhurumia ndege. Galahad hawezi kuelewa nchi ambayo ndege wananenepa huku mtu hana cha kutia chunguni. Cap, Mnigeria asiyependa kazi, yeye anawatega shakwe kutoka dirisha la chumba chake. Selvon anayasimulia haya kwa kuchekesha, na msomaji anayecheka tu bila kuhesabu ni siku ngapi jamaa hawajala atakuwa amekisoma nusu.

Kwa nyumba, tofauti ni hiyohiyo. Arthur anaishi kwa wazazi, na akimwoa mpenzi wake Doreen atahamia mtaa mpya wa nyumba za halmashauri, jambo linalomtia woga kuliko kiwanda. Jamaa wa Moses wanapanga chumba kimoja kimoja Bayswater, na moto ni wa mita ya gesi inayolishwa sarafu. Anayetumia LUKU ataielewa haraka: shilingi ikiisha, baridi inaingia.

Na je, hawa wawili hawakutani? Karibu wakutane. Krismasi, nyumbani kwa Ada, shangazi yake Arthur, anafika mgeni aitwaye Sam kutoka Gold Coast, Ghana ya leo. Wanamkaribisha kwa mzaha na ukarimu uliochanganyika na ujinga, kisha kitabu kinaendelea na safari yake. Kurasa hizo chache zitafute na uzisome mara mbili. Agosti 1958 palizuka ghasia za kibaguzi Nottingham, katika mji huohuo wa Arthur, zikafuatwa na za Notting Hill, London.

Kiingereza chao kinasomekaje?

Hapa ndipo wengi hukwama, na ndipo uamuzi wa kuchagua unapopaswa kufanyika kwa makini.

Kwa Sillitoe, msimulizi anaandika Kiingereza cha vitabu, na wahusika wanazungumza lafudhi ya Nottingham. Ukiona "owt" soma "chochote", ukiona "nowt" soma "hakuna kitu", na "duck" si bata bali ni namna ya kumwita mtu mpenzi. Maneno ya aina hiyo hayafiki thelathini, na ukishayazoea yanakuwa kama chumvi. Ni sawa na riwaya yetu ambayo msimulizi wake ana Kiswahili sanifu na makondakta wake wanaongea cha mtaani.

Selvon alivunja utaratibu huo. Msimulizi mwenyewe anaongea Kiingereza cha Trinidad, kilichorekebishwa kidogo ili mgeni akielewe. Vitenzi havina viambishi vya wakati unavyovitegemea, "does" hutangulia kitenzi kuonyesha jambo la kila siku, "test" ni jamaa fulani, na sentensi zinatembea kwa mwendo wa mtu anayepiga soga kibarazani. Selvon alieleza kwamba alianza kukiandika kwa Kiingereza sanifu, kazi ikakwama. Alipobadilisha sauti, kitabu kikaenda. Hilo ndilo badiliko kubwa la kifasihi katika vyote vinne. Mtu wa koloni haletwi tena na msimulizi mwenye suti akimweleza kwa wenye nyumba. Yeye ndiye mwenye hadithi, na London ndiyo kitu kigeni kinachoelezwa.

Hatua za kukisoma bila kukata tamaa ni rahisi. Soma kurasa ishirini za mwanzo kwa sauti, kwa kuwa sikio litaelewa kile ambacho jicho linakiita kosa. Usitafute kila neno kwenye kamusi. Ukifika katikati utakuta kipande kirefu kuhusu kiangazi cha London, kurasa kama kumi bila nukta. Wengi huliacha kitabu hapo wakidhani chapa imeharibika. Ni makusudi, joto limekuja na watu wamefunguka, na sentensi nayo imekataa kufungwa. Kisome kwa mkao mmoja.

Anayefundisha kidato cha tano au mwaka wa kwanza chuoni, na darasa lake bado linapigana na sarufi ya Kiingereza, asianze na Selvon hata kama ni kifupi, kurasa 140 hivi. Wanafunzi wataiga makosa wasiyojua kuwa si makosa. Emecheta ndiye wa darasa hilo.

Fomu aliyoisaini Adah

*Second-Class Citizen* ina Kiingereza chepesi kuliko vyote, sentensi fupi, matukio yanayofuatana kwa mpangilio, na haifiki kurasa 200. Wepesi huo umewadanganya wahakiki wengi wakadhani ni kitabu kidogo. Sisi tunadhani ndicho kinachoionyesha serikali ya Uingereza kwa karibu kuliko vingine vitatu, kwa sababu mhusika wake mkuu, Adah, anaishi ndani ya huduma zake: maktaba anamofanya kazi North Finchley, walezi wa watoto walioandikishwa na halmashauri, hospitali, kliniki.

Emecheta alizaliwa Lagos 1944 na kufika London 1962, mwaka ambao Sheria ya Wahamiaji wa Jumuiya ya Madola ilianza kuhitaji vibali vya kazi kwa wengi waliokuwa wakiingia bila kizuizi. Adah anaingia kama mke wa mwanafunzi. Lagos alikuwa na kazi nzuri katika maktaba ya ubalozi mdogo wa Marekani, na amesafiri melini daraja la kwanza. Anashuka Liverpool kwenye ukungu, na mumewe Francis anamweleza bila kuficha: huko nyumbani ungeweza kuwa bibi mkubwa, hapa ni raia wa daraja la pili. Jina la kitabu limetoka hapo, kinywani mwa mume. Watu hulikumbuka kama shutuma kwa Waingereza pekee, na hilo ni kosa la usomaji.

Tukio la kwanza la kusoma kwa makini ni la kutafuta chumba. Matangazo yanasema wazi kwamba weusi hawatakiwi. Adah anampigia simu mwenye nyumba huku ameibana pua kwa vidole ili sauti isimtambulishe. Simu inafaulu. Jioni wanafika wenyewe, mama mwenye nyumba anawaona, na ghafla vyumba vimekwisha chukuliwa. Linganisha na kadi ya Galahad: pale ofisi ilijua rangi kabla ya mtu kufika, hapa sauti inaficha hadi uso unapofichua. Sheria ya kwanza ya mahusiano ya rangi, ya 1965, ilizuia ubaguzi katika sehemu za umma, lakini ilikuwa haijagusa nyumba wala ajira. Hayo yalingoja sheria ya 1968.

Tukio la pili ni la fomu. Adah amezaa mfululizo, mara moja kwa upasuaji uliokaribia kumuua, katika hospitali ambayo hailipii kwa kuwa Huduma ya Taifa ya Afya ilianza 5 Julai 1948 na ni bure. Wodini anaona wanawake wengine wanavyotendewa na waume zao, na kitu kinavunjika ndani yake. Anakwenda kliniki ya uzazi wa mpango. Kliniki ni nzuri, wauguzi ni wapole, lakini fomu ina mstari wa saini ya mume. Francis hataki kusikia. Adah anaghushi saini, anapewa kiwambo cha mpira cha kuzuia mimba, anakivaa kwa mashaka, na usiku Francis anagundua. Kipigo kinafuata, na wapangaji wote wanasikia.

Angalia karatasi hiyo ilivyo. Serikali inamtibu bure, inamtunzia watoto, inampa kazi, na katika mstari mmoja inamrudisha mikononi mwa mwanamume. Njia za uzazi wa mpango zilikuja kutolewa bure kwa wote, bila kuuliza ndoa, Aprili 1974, mwaka uleule kitabu kilipotoka. Ukirudi kwa Sillitoe, Brenda, mmoja wa wale wake za watu, anapopata mimba ya Arthur, dawa ni ushauri wa shangazi Ada: jini na maji ya moto katika beseni. Utoaji mimba ulikuwa jinai hadi sheria ya 1967. Lakini kwa Sillitoe tunakaa na Arthur, anayetazama. Kilichomo ndani ya Brenda hatukijui. Yule anayetaka kujua wanawake waliyaonaje mabadiliko haya asipoteze muda na riwaya za "vijana wenye hasira", kama walivyoitwa Sillitoe na waandishi wenzake wa miaka ya 1950.

Karatasi nyingine humu ni mswada, nao unaungua. Adah anaandika riwaya kwenye madaftari ya shule, marafiki wa maktabani wanamtia moyo, na Francis anautia moto. Kwa hiyo tunaposoma tunajua kwamba tunasoma kitabu cha mtu aliyeandika tena.

Tahadhari ya kununua: *In the Ditch* ilitoka kabla, 1972, ikitokana na makala alizoandika kwa gazeti la *New Statesman*, lakini hadithi yake inafuata baada ya hii. Soma *Second-Class Citizen* kwanza. Ukikuta toleo linaloitwa *Adah's Story*, ni hizo mbili zimeunganishwa, usinunue tena moja moja. Tahadhari nyingine: Adah si Emecheta, hata kama maisha yao yanafanana. Mwandishi amechagua nafsi ya tatu, na mara kwa mara anamcheka Adah kwa ujinga wake. Insha inayosema "Emecheta alibana pua" imeshapotea njia.

Gurnah: mlango umefungwa

Msomaji wa Kiswahili ana kishawishi cha kuanza na Gurnah. Mzaliwa wa Zanzibar, 1948, aliyeondoka mwishoni mwa miaka ya 1960 baada ya Mapinduzi ya 1964, mwalimu wa miaka mingi wa Chuo Kikuu cha Kent, Nobel ya 2021: ni wetu. Tunashauri angoje kidogo. *By the Sea* ni mwisho wa mnyororo, na asiyejua mlango ulivyokuwa wazi kwa Galahad haoni uzito wa kufungwa kwake.

Tena mlango huo haukuwahi kuwa wazi sawasawa kwa Afrika Mashariki. Chini ya sheria ya 1948, aliyezaliwa Nairobi, ardhi ya koloni, alikuwa raia wa Uingereza na Makoloni. Aliyezaliwa Zanzibar au katika ukanda wa pwani wa Mombasa, nchi za himaya chini ya Sultani, na yule wa Tanganyika, nchi ya udhamini, walikuwa watu wanaolindwa na Uingereza tu. Kulindwa si kuwa raia. Kisha Februari 1968, Waasia wa Kenya wenye pasipoti za Uingereza walipoanza kuondoka kwa wingi, Bunge lilipitisha kwa siku chache sheria ya kuwazuia wasiokuwa na mzazi wala babu aliyezaliwa Uingereza. Sheria ya Uhamiaji ya 1971 ikamalizia. Baada ya hapo anayetoka kwetu anaingia kama mtalii, mwanafunzi, au mkimbizi.

Saleh Omar anaingia kama mkimbizi, Gatwick, mzee wa miaka 65. Pasipoti yake ni ya kweli kwa sura na ya uongo kwa jina: imeandikwa Rajab Shaaban, jina la mtu aliyegombana naye maisha yote. Ameshauriwa asikubali kwamba anajua Kiingereza, basi anasema maneno mawili tu, mkimbizi na hifadhi. Ofisa, Kevin Edelman, ambaye wazazi wake nao walikuwa wakimbizi kutoka Romania, anapekua begi na kukuta kikasha cha udi, *ud-al-qamari*. Anamweleza mzee, akidhani haelewi, kwamba amechelewa sana umri kuhama, kisha kikasha anakichukua yeye.

Kwa msomaji wa London, udi ni harufu ya mbali anayopaswa kuikisia. Wewe unaujua, unajua unafukizwa lini, na unajua kumnyang'anya mtu udi ni kumnyang'anya nini. Hiyo ni faida ambayo hutaipata kwa vitabu vile vitatu. Sehemu kubwa ya hadithi haiko hata Uingereza. Iko Zanzibar, kwenye musimu wa majahazi, mfanyabiashara Hussein kutoka Bahrain, mkopo, na hati ya nyumba iliyowekwa rehani. Karatasi ni mbili basi, hati na pasipoti, na ya pili inabeba dhambi za ya kwanza. Anapotafutwa mkalimani wa mzee "asiyejua" Kiingereza, jina linalopatikana ni la Latif, mhadhiri wa London, mtoto wa yule Rajab Shaaban wa kweli.

Gumu lake ni mwendo. Kitabu cha kurasa 240 hivi, sentensi ndefu, wasimulizi wawili wanaorudia jambo lilelile kwa kutoafikiana. Ukikisoma kurasa tano tano kwenye daladala utachanganya nani alimkopesha nani. Tenga jioni nne nzima, na chora kikaratasi cha watu wa nyumba mbili na nani anadai nini.

Kama unamtaka Gurnah lakini umevutiwa na hospitali ya Adah, chukua *Pilgrims Way* (1988): Daud, kijana wa Tanzania, mhudumu wa hospitali Canterbury mwaka 1976, anaiona Huduma ya Taifa ya Afya akiwa na ndoo mkononi. Ina hasira na vichekesho zaidi. Na kama umeshika *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya *Paradise* iliyotolewa na Mkuki na Nyota 2022, furahia, ila hiyo ni Afrika Mashariki kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Haitajibu swali la ukurasa huu.

Dhana moja ya kuiacha

Majibu ya mitihani hupenda kusema kwamba Sheria ya Elimu ya 1944, iliyofanya shule za sekondari kuwa bure na kuwachuja watoto kwa mtihani wa miaka 11, ndiyo iliyozaa waandishi wa tabaka la wafanyakazi. Kwa Sillitoe si kweli. Aliacha shule 1942. Aliyemsomesha ni kifua kikuu: alikipata akiwa jeshi la anga Malaya, akalazwa muda mrefu, akasoma kitandani, na pensheni ya jeshi ikampa miaka ya kuandika ng'ambo bila kuajiriwa. Selvon alisomeshwa na koloni na kusikika kwanza kupitia kipindi cha BBC cha *Caribbean Voices*. Sheria ya 1944 mtafutie mtu kama Shelagh Delaney, mzaliwa wa 1938 wa Salford, ambaye tamthilia yake *A Taste of Honey* ilipanda jukwaani Stratford East, London, Mei 1958 akiwa na miaka 19. Hiyo pia ndiyo ya kuchagua kama una jioni moja tu: wahusika watano, msichana mjamzito wa baharia mweusi, na rafiki shoga anayemtunza, miaka tisa kabla ya sheria kuruhusu ushoga kati ya watu wazima faraghani.

Anayetaka upande wa waliopoteza, matajiri na watumishi wao, amsome Kazuo Ishiguro, *The Remains of the Day* (1989). Karatasi yake ni ratiba ya kazi: jumba lililokuwa na jeshi la watumishi sasa lina wanne, na bosi ni Mmarekani. Safari ya mtumishi mkuu Stevens ni Julai 1956, mwezi ambao Rais Nasser wa Misri aliutaifisha Mfereji wa Suez. Kitabu hakiutaji hata mara moja.

Kwa wawili wanaosoma pamoja, au kikundi, jozi tunayoipendekeza inabaki Selvon na Sillitoe, wiki mbili kila kimoja, halafu Emecheta. Filamu ya Sillitoe ya 1960, aliyocheza Albert Finney, itazameni baada ya kitabu, kwani mkasa wa Brenda ulilainishwa ili upite kwa wakaguzi. Kikao cha mwisho wekeni miisho mitatu mezani. Arthur amekaa kando ya mfereji na ndoano, samaki kanasa, na ndoa inamngoja. Moses amesimama ukingoni mwa Thames usiku wa kiangazi, anawaza kama naye angeweza kuandika kitabu. Adah, mumewe amekana watoto mahakamani, anakutana Camden Town na mtu waliyejuana zamani, na mtu huyo anamlipia teksi ya kumrudisha nyumbani, akidhani bado yuko na mumewe.